Mtoto Hachagui Mfuko wa Babaye

Mtoto azaliwapo hajui kama babaye ana mali au hana. Hakuchagua nyumba, wala mji, wala kazi ya wazazi wake. Homa nayo, ikija, haibishi hodi kwanza ikauliza mshahara wa mwenye nyumba. Lakini wenye kuongoza nchi hawana budi kuuliza, kwa kuwa mali ya umma ina kiasi chake, nayo ni amana mikononi mwao. Hapo ndipo linapozuka swali zito: ni mtoto gani atibiwe kwa mali ya wote, na ni yupi aachiwe babaye?

Swali hili liligombewa sana katika nchi ya Marekani mwaka 2007, hata likawatenga Rais na Baraza la kutunga sheria. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wazee kwa vijana, khabari za mgogoro ule, kwa sababu ndani yake mna mafunzo yanayomhusu kila mwenye kulea.

Asili ya jambo lenyewe

Marekani ni nchi yenye mali nyingi na waganga hodari, lakini si nchi ambayo kila mtu hutibiwa na serikali. Watu wengi hupata bima ya afya kwa njia ya kazi: mwajiri hulipa sehemu, na mfanyakazi hukatwa sehemu katika mshahara wake. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha mipango miwili, Medicare kwa ajili ya wazee, na Medicaid kwa ajili ya mafukara. Basi ikawa fukara ana pa kushika, na mwenye kazi nzuri naye ana pa kushika. Aliyebaki akining'inia ni mtu wa katikati: dereva, mshonaji, mpishi wa mkahawani, mwenye duka dogo. Mshahara wake wamtoa katika hesabu ya mafukara, wala haumfikishi kwenye bima ya kununua. Mwaka 1997 watoto wapatao milioni 10 katika nchi ile hawakuwa na bima yo yote.

Mwaka huo huo maseneta wawili wa vyama vinavyopingana, Edward Kennedy wa chama cha Democratic na Orrin Hatch wa chama cha Republican, waliweka kando tofauti zao wakasimama pamoja kuwatetea watoto hao. Ukazaliwa mpango wa bima ya afya ya watoto, unaojulikana kwa herufi CHIP, na Rais Bill Clinton akautia sahihi mwezi wa Agosti. Serikali kuu hutoa sehemu kubwa ya fedha, na kila jimbo hutoa sehemu yake, likaamua ndani ya mipaka ya sheria ni watoto wa pato gani watakaoingia. Kwa miaka 10 ya mwanzo zilitengwa kiasi cha dola bilioni 40, na fedha nyingine zilitafutwa katika ushuru wa sigara.

Miaka 10 ilipotimia mpango ule ulihitaji kufanywa upya. Hapo ndipo mgogoro ulipowaka. Mabaraza yote mawili yalipitisha mswada wa kuongeza dola bilioni 35 kwa muda wa miaka 5, na ushuru wa pakiti moja ya sigara utoke senti 39 ufike dola moja kamili. Rais George W. Bush alikuwa radhi kuongeza dola bilioni 5 tu. Tarehe 3 Oktoba 2007 akaukataa mswada. Tarehe 18 Oktoba Baraza la Wawakilishi likajaribu kuupitisha bila ya ridhaa yake: 273 wakakubali, 156 wakakataa. Sheria yao yataka theluthi mbili. Zilipungua kura 13.

Hoja za pande mbili

Muislamu amefundishwa asizuiliwe na chuki kufanya uadilifu; kwa hiyo yatupasa kueleza maneno ya kila upande kama yalivyokuwa. Si haki kusema kwamba waliokataa walikuwa wakiwachukia watoto.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba fukara atangulie. Walisema wapo watoto wengi wa mafukara waliokwisha kuwa na haki ya kutibiwa lakini hawajaandikishwa. Yafaaje kuwaruka hao na kuwaendea wenye nafuu? Walitaja jimbo la New York, lililotaka kuwaingiza watoto wa nyumba zenye pato mara nne ya mstari wa ufukara. Mwaka ule mstari huo, kwa nyumba ya watu 4, ulikuwa dola 20,650; basi mara nne yake ni dola 82,600 kwa mwaka. Huyo, wakasema, si maskini.

Hoja yao ya pili ni kwamba mzazi mwenye bima ya kazini ataiacha ili ashike ile ya serikali iliyo rahisi. Jambo hili halikuwa dhana tupu. Ofisi ya hesabu ya Baraza lao ilikadiria mwaka 2007 kwamba kwa kila watoto 100 walioingia katika mpango, bima za watu binafsi zilipungukiwa na watoto baina ya 25 na 50. Hoja ya tatu ni khofu ya Rais kwamba mlango huu ukifunguliwa sana, matibabu ya nchi nzima yatakuwa mikononi mwa serikali.

Watetezi wa mswada walijibu kwamba wengi wa watoto watakaoongezwa ni wa nyumba zenye pato dogo, si wa matajiri. Na kwamba mzazi aliyeacha bima ya kazini huenda alikuwa akiilipia kwa kupunguza chakula na kodi ya nyumba. Wakauliza pia: ikiwa mtoto ametibiwa, ni khasara gani iliyopatikana?

Jino moja

Wakati mjadala huo ukitokota, lilikuwa limekwisha tokea jambo lililowatikisa wengi. Mwezi wa Februari 2007, katika jimbo la Maryland, lililo jirani na mji mkuu wao, mvulana mmoja wa shule alikufa kwa sababu ya jino. Jino lilioza, usaha ukapanda mpaka kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kiasi cha dola 80. Matibabu ya hospitali, pamoja na kupasuliwa kichwa mara mbili, yalizidi dola 250,000, wala hayakumwokoa. Wazee wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulijengwa kwa gharama kubwa, nao ukaanguka.

Msomaji azingatie jambo moja katika kisa hiki. Mtoto yule hakuwa wa nyumba ya mtu wa katikati. Alikuwa katika hao mafukara waliokwisha kuahidiwa matibabu. Bima yake ya Medicaid ilikuwa imekatika, na hata ilipokuwapo, waganga wa meno waliokubali kuipokea walikuwa wachache. Basi kisa hiki ni hoja juu ya pande zote mbili. Chawaambia waliosema fukara kwanza: je, huyo fukara mmemfikia? Na chawaambia waliotaka kuupanua mpango: jina katika daftari si dawa mdomoni.

Kilio alichokisikia Sayyidna Umar

Sisi Waislamu tunayo khabari iliyopokewa na wanahistoria wetu, ambayo yafaa kuwekwa kando ya mjadala huu. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), katika ukhalifa wake, aliweka daftari la watu na posho zao kutoka katika Baitul Mali. Kwa watoto aliweka mpaka: mtoto atapewa posho akiisha kuachishwa ziwa. Ulikuwa mpaka wa busara, kwani anyonyaye chakula chake kipo kwa mamaye.

Usiku mmoja msafara wa wafanya biashara ulishuka Madina, naye Khalifa akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamnasihi amche Mungu na amtendee mema mwanawe. Mtoto akalia tena, na Khalifa akarudi tena. Ilipokuwa mwisho wa usiku akamlaumu yule mama kwa ukali. Mama, asijue anasema na nani, akamjibu kwamba amemchosha usiku kucha. Yeye amwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar hawapi posho ila walioachishwa.

Imepokewa kwamba alfajiri ile Khalifa aliposalisha, watu hawakuweza kuyapambanua maneno aliyokuwa akiyasoma kwa vile alivyokuwa akilia. Akajihesabu mwenyewe kuwa na dhima ya watoto walioangamia kwa mpaka ule. Kisha akaamuru itangazwe mjini, na akaandika katika majimbo yote, kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto. Kila azaliwaye katika Uislamu atawekewa posho tangu siku ya kuzaliwa.

Twaona nini hapa? Twaona kwamba mpaka wo wote unaowekwa baina ya mtoto na haki yake, watu watauzunguka. Na gharama ya kuuzunguka huilipa mtoto. Madina mama aliharakisha kumwachisha mwanawe. Marekani nyongeza ndogo ya mshahara yaweza kumvusha baba mstari wa pato, na mwanawe akatoka katika bima. Basi mzazi hujikuta akiogopa riziki yake mwenyewe. Walakini Sayyidna Umar hakulichoma daftari wala hakuacha kuhesabu mali. Aliendelea kuhesabu, bali aliuondoa mpaka uliokuwa ukiwaumiza wale wasioweza kujisemea.

Mwisho wa mgogoro

Mswada wa pili ulipelekwa, na Rais Bush akaukataa nao tarehe 12 Desemba 2007. Mambo yakasimama hivyo mpaka alipokuja Rais Barack Obama, ambaye tarehe 4 Februari 2009 alitia sahihi sheria ya kuupanua mpango, kwa fedha za ushuru wa sigara ulioongezwa senti 62 kwa pakiti. Ilikusudiwa watoto watoke kiasi cha milioni 7 wafike milioni 11. Sheria hiyo ilikuwa na jambo la kuwagusa ndugu zetu wa Mombasa, Unguja, Kigoma na Bukavu waliohamia kule: tangu 1996 wahamiaji wengi walioingia kwa njia ya halali walilazimika kungoja miaka 5; sheria ya 2009 iliyaruhusu majimbo kuwaondolea ngoja hiyo watoto na wanawake waja wazito.

Hata hivyo mpango haukuwa salama daima. Mwishoni mwa Septemba 2017 muda wake ulikwisha bila ya kufanywa upya, na wazazi wakakaa na wasiwasi mpaka Januari 2018. Lakini matunda yake hayafichiki: watoto wasio na bima, waliokuwa kiasi cha asilimia 14 mwaka 1997, walikuwa karibu asilimia 5 mwaka 2016. Na tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria yao yataka mtoto akiisha kuingia akae miezi 12, hata pato la wazazi wake likibadilika. Kwa mwendo mrefu, nao wamesogea kidogo kuelekea pale alipofika Sayyidna Umar kwa usiku mmoja.

Na sisi je?

Pengine msomaji atauliza: bima yenyewe yafaa katika dini? Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jedda mwaka 1985 liliharamisha bima ya biashara yenye malipo maalumu, likaihalalisha ile ya kusaidiana. Ama serikali kuwatibu watoto kwa mali ya umma, sisi twaona iko karibu na kazi ya Baitul Mali kuliko na biashara. Mwenye shaka na awaulize wanazuoni wa mahali pake.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Tanzania Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na Toto Afya Kadi, kwa Sh. 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 ukasimamisha kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza kwenye shule, kwani gharama zilizidi michango, na wengi walioletwa walikuwa wamekwisha ugua. Baadaye kadi ikarudishwa. Hapa lawama si ya watawala peke yao. Bima ni chungu cha wote. Tukingoja mpaka mtoto awe kitandani ndipo tukimbilie kutia chetu, chungu hakitatosha, na atakayekosa ni mtoto wa jirani.

Basi twawausia wazazi: mwandikisheni mtoto angali mzima, na mlitazame jino lake kabla halijamliza. Twawausia wenye nafuu na kamati za misikiti: watafuteni watu wa katikati, wale wasioomba kwa kujistahi, ambao jirani huwadhania matajiri. Mwenyezi Mungu amewasifu watu wa namna hiyo katika Kitabu chake, na kumtolea ada mtoto mmoja wa nyumba kama hiyo ni sadaka isiyovunja heshima ya mtu. Na nyinyi vijana, ambao kesho mtakaa katika mabaraza na maofisi, mtakapopewa kalamu ya kuweka mpaka, tegeni sikio kwanza msikie nani analia upande wa pili.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awaponye walio wagonjwa, na awaongoze walio na amana ya mali ya umma. Amin.