Ushauri wa Marafiki, Hati za Kampuni: Kisa cha Ben & Jerry's

Kampuni ya maadili, kwa maana itakayotumika katika makala haya, ni ile ambayo waanzilishi wake wanakubali kwamba faida lazima ipatikane, lakini wameamua pia kwamba zipo njia za kuipata ambazo hawatazifuata hata kama sheria inaziruhusu, na kwamba wapo watu, wakiwemo wafanyakazi, majirani na wale wanaowauzia malighafi, ambao maslahi yao hayatawekwa nyuma ya gawio la mwenye hisa. Kampuni za namna hiyo mara nyingi huanzia kwa marafiki, na sababu yake haiko mbali: benki humuuliza mkopaji ana dhamana gani, ilhali rafiki humuuliza biashara hiyo anaitakia nini. Ugumu huja baadaye, pale ushauri uliotolewa kwa mapenzi mezani kwa rafiki unapotakiwa kusimama mbele ya mnunuzi aliyekuja na fedha na mawakili. Ni kampuni chache zilizopitia mtihani huo hadharani kama Ben & Jerry's, watengenezaji wa aiskrimu wa jimbo la Vermont nchini Marekani.

Ben Cohen na Jerry Greenfield, wote wawili wazaliwa wa mwaka 1951, walifahamiana mwaka 1963 katika kipindi cha michezo cha shule yao huko Merrick, Long Island, walipojikuta wavulana wawili wanene walioachwa nyuma na wenzao kwenye mbio. Walipofikia umri wa kujitegemea hawakuwa na la kuringia, kwa kuwa Greenfield alikuwa amekataliwa na vyuo vya udaktari, naye Cohen alikuwa ameacha chuo na kufinyanga vyombo vya udongo ambavyo havikupata wanunuzi. Wazo lao la kwanza lilikuwa kuuza bageli, yaani vile vimkate vya duara vyenye tundu katikati, lakini bei ya mashine zake iliwashinda, wakageukia aiskrimu na kujiandikisha katika kozi ya posta ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania iliyogharimu dola 5, ada waliyoichangia. Tarehe 5 Mei 1978 walifungua duka katika kituo cha mafuta kilichokuwa kimeachwa ukiwa mjini Burlington, kwa mtaji wa dola 12,000, ambapo 4,000 zilikuwa za mkopo. Burlington ni mji wa theluji na baridi kali, na mtu mwenye busara ya kawaida asingeuchagua kwa biashara hiyo, ila ulikuwa na wanafunzi wengi na haukuwa na duka jingine la aiskrimu.

Rafiki wa kwanza aliyeacha alama katika biashara hiyo alikuwa Jeff Furman, mwanasheria aliyemfahamu Cohen kabla ya duka kuwapo, na ambaye aliwasaidia kuandaa mpango wa biashara, yaani ile hati inayomweleza mkopeshaji bidhaa itauzwa kwa nani, kwa bei gani, na deni litalipwaje. Mpango huo haukubuniwa upya, kwani walichukua mfano uliokwisha kuandikwa kwa ajili ya duka la piza, na kila palipotajwa kipande cha piza wakaweka koni ya aiskrimu. Furman aliendelea kuwa karibu na kampuni kwa takriban miaka 40, sehemu kubwa ya muda huo akiwa mjumbe wa bodi, hata akabandikwa jina la ile alama ya kiungo iliyo katikati ya majina ya waanzilishi, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka "na". Jina hilo la utani linasema mengi kuliko taarifa nyingi za mwaka, kwa sababu alama hiyo si jina wala sura ya mtu yeyote kwenye kopo, lakini bila hiyo majina mawili hayashikani.

Inafaa kutaja hapa, japo kwa kupita, kwamba hata ladha ya aiskrimu hiyo ilitokana na urafiki. Cohen ana upungufu mkubwa wa uwezo wa kunusa, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kile mtu anachokiita ladha hupitia puani, yeye hutegemea zaidi kile ambacho meno na ulimi hukigusa. Greenfield, aliyekuwa mchanganyaji, akalazimika kuongeza vipande vikubwa vya chokoleti, karanga na biskuti mpaka mwenzake aridhike. Vipande hivyo ndivyo vilivyoitofautisha bidhaa yao sokoni.

Maadili yenyewe hayakuja siku ya kwanza, na hapa ndipo simulizi zinazopendwa kuhusu kampuni hii hukosea. Mwanzoni vijana hao walitaka riziki na uhuru wa kutoajiriwa, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, duka lilipokwisha kuwa kiwanda, Greenfield alijiondoa kwa muda na kuhamia Arizona, naye Cohen alianza kutafuta mnunuzi, kwa maelezo kwamba amegeuka mfanyabiashara na kwamba biashara, kwa jinsi alivyoiona, huwanyonya wafanyakazi na jamii. Aliyemzuia, kwa masimulizi ya Cohen mwenyewe, ni rafiki yake mzee aliyekuwa na mkahawa, ambaye alimweleza kwamba kampuni ni yake, na kama kuna jambo asilolipenda katika namna biashara zinavyoendeshwa, basi aiendeshe kwa namna nyingine. Ushauri huo ni wa kawaida kabisa, wa aina inayotolewa kibarazani kila jioni, lakini ulimfikia mtu aliyekuwa na uwezo wa kuutekeleza.

Matokeo yake ya kwanza yalionekana mwaka 1984. Kampuni ilihitaji fedha za kujenga kiwanda kipya, na njia iliyozoeleka ingekuwa kuwafuata wawekezaji wakubwa, yaani watu wanaotoa mtaji mkubwa kwa makubaliano ya kupata sehemu kubwa ya umiliki. Cohen alishikilia, kinyume na ushauri wa wataalamu, kwamba hisa ziuzwe kwa wakazi wa Vermont peke yao, na kwamba kiwango cha chini cha ununuzi kiwe dola 126, ili mtu wa kipato cha kawaida asizuiwe mlangoni. Zilikusanywa dola 750,000, na ikakadiriwa kwamba takriban familia moja kati ya kila 100 za jimbo hilo iliingia katika umiliki. Hapa maadili hayakuwa tena maneno ya kuwapendeza wateja, kwa kuwa yalikuwa yameingia katika daftari la wanahisa, na Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka uliofuata ulianzishwa Mfuko wa Ben & Jerry's, ambao ulipangiwa asilimia 7.5 ya faida kabla ya kodi kwa ajili ya kusaidia vikundi vya kijamii, na ambao ulipewa hisa za daraja maalumu zenye haki ya kupiga kura iwapo kampuni itatakiwa kuunganishwa na nyingine. Ukawekwa pia uwiano wa mishahara, maana yake kikomo cha tofauti kati ya anacholipwa mkubwa na anacholipwa mdogo, na kwa mujibu wake bosi wa juu hakuruhusiwa kupata zaidi ya mara tano ya mfanyakazi wa ngazi ya chini. Mwaka 1988 likaandikwa tamko la dhamira lenye sehemu tatu, yaani bidhaa, uchumi na jamii.

Kipindi hicho pia ndipo mduara wa marafiki ulipopanuka. Mwaka 1987 ulianzishwa Social Venture Network, mtandao wa wafanyabiashara waliotaka kupima biashara kwa zaidi ya faida, na ni katika mikutano yake Cohen alipokutana na Bernie Glassman, mwalimu wa dini ya Kibudha wa madhehebu ya Zen aliyeanzisha bekari ya Greyston, ambayo baadaye ilijulikana sana katika mji wa Yonkers, jimbo la New York. Bekari hiyo huajiri bila usaili: anayetaka kazi huandika jina kwenye orodha, na nafasi ikipatikana huitwa kwa zamu yake, pasipo kuulizwa kama amewahi kufungwa au amewahi kuishi mitaani. Greyston ilipewa kazi ya kuoka keki nzito za chokoleti ziitwazo brauni, lakini shehena za mwanzo zilifika kiwandani zimeganda na kushikamana kiasi cha kutofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa, na badala ya kuzirudisha, mafundi wa Vermont walizivunjavunja na kuzitia ndani ya aiskrimu. Ladha iliyotokana na ajali hiyo ikawa miongoni mwa zinazouzwa sana, na kila kopo lililonunuliwa likawa ni mshahara wa mtu ambaye waajiri wengine wangemkataa dirishani. Kati ya mambo yote yaliyofanywa na kampuni hii, huenda hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu halikutegemea sadaka ya mwisho wa mwaka bali liliingizwa katika bidhaa yenyewe.

Uwiano wa mishahara haukudumu. Ulipandishwa hadi saba kwa moja, na mwaka 1994, Cohen alipoamua kumwachia mtu mwingine nafasi ya mtendaji mkuu, uliondolewa kwa hoja kwamba usingemvuta mtu mwenye uzoefu unaotakiwa. Jambo la kuzingatia ni wepesi wa uondoaji huo, kwa kuwa sera ya kampuni hubadilishwa na wakurugenzi katika kikao kimoja, wakati haki iliyofungwa katika hisa haiondoki mpaka mwenye hisa akubali.

Aprili 2000 bodi iliridhia kuiuza kampuni kwa Unilever kwa dola milioni 326, sawa na dola 43.60 kwa hisa. Maelezo yaliyoenea ni kwamba sheria iliwalazimisha wakurugenzi kukubali bei ya juu, na maelezo hayo yamekuwa kama kanuni katika mazungumzo kuhusu kampuni za maadili. Wanasheria Antony Page na Robert Katz wameyapinga, wakionyesha kwamba kinga zilikuwapo: waanzilishi na rafiki yao Furman walikuwa na hisa ambazo kila moja ilihesabiwa kura 10, Mfuko ulikuwa na hisa zake maalumu, na jimbo la Vermont lilikuwa limerekebisha sheria mwaka 1998 ili wakurugenzi waruhusiwe kuzingatia maslahi ya wafanyakazi, wauzaji na jamii wanapopokea ombi la ununuzi. Hoja yao ina nguvu. Makufuli yalikuwa mlangoni, na funguo zilikuwa mifukoni mwa watu wale wale walioyaweka. Kilichokosekana ni moyo wa kukabili kesi za wanahisa waliokuwa wakidai bei nzuri, na hofu hiyo ni ya kibinadamu, ila haipaswi kuitwa sheria.

Mauzo yenyewe yalifanywa kwa mkataba usio wa kawaida, uliounda bodi huru, yaani bodi isiyochaguliwa na mmiliki bali inayojaza viti vyake yenyewe isipokuwa vichache, na kuipa mamlaka juu ya dhamira ya kijamii na heshima ya chapa, huku Unilever ikibaki na fedha na uendeshaji. Kwa miaka mingi mgawanyo huo ulivumilika. Julai 2021 kampuni ilitangaza kwamba itaacha kuuza aiskrimu katika maeneo ya Palestina yanayokaliwa na Israeli. Juni 2022 Unilever, kinyume na tangazo hilo, iliiuza biashara ya Israeli kwa mwenye leseni wa huko. Mwezi uliofuata bodi huru ikamshtaki mmiliki wake mahakamani, kesi iliyomalizwa kwa suluhu Desemba mwaka huo, na Novemba 2024 ikafunguliwa nyingine kwa madai kwamba kampuni inazuiwa kusema kuhusu Gaza.

Septemba 2025, wakati Unilever ikitenganisha biashara zake za aiskrimu ili ziwe kampuni inayojitegemea iitwayo Magnum Ice Cream Company, Greenfield alijiuzulu baada ya miaka 47, akieleza katika barua kwamba uhuru ulioahidiwa na mkataba wa mwaka 2000 haupo tena, dai ambalo wamiliki hawakukubaliana nalo. Barua hiyo iliwekwa hadharani mtandaoni na Cohen. Jina la Jerry, kwa kuwa ni mali ya kampuni, limebaki kwenye kopo.