Mradi Ukija Mtaani: Toa Maoni Kabla ya Leseni

Kiwanda au jaa la taka likipangwa karibu na makaazi ya watu, sheria huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya leseni kutolewa. Mamlaka ya NEMA hutangaza ripoti ya tathmini hiyo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini. Mkaazi hupewa siku 30 kutoa maoni.

Kusema tu kwamba hutaki mradi hakutoshi. Eleza unachokijua kama jirani: maji ya mvua huelekea wapi, upepo huvuma kutoka upande gani, visima na shule viko umbali gani. Andika kwa Kiswahili ukipenda, kwani ni lugha rasmi. Huhitaji wakili. Baki na nakala ya barua yako.

Wakaazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua gharama ya kuchelewa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri kwa sumu ya madini ya risasi. Mwaka 2020, mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, lakini kesi iliendelea hadi Mahakama ya Juu ilipoidhinisha fidia hiyo Desemba 2024.

Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla ya kudhurika. Hata hivyo, barua iliyowasilishwa ndani ya siku 30 ni rahisi kuliko kesi ya miaka mingi.