KUPATANA KABLA YA MATANGA

Sisi tupitao nyumba kwa nyumba kuwaombea wagonjwa, mara nyingi twaona jambo la kusikitisha. Mtu ambaye miaka mingi hakukanyaga mlangoni pa ndugu yake, siku ya maziko huja na sanda nzuri, tena hulia kupita wote. Sanda ile maiti haioni, wala kilio kile haisikii.

Tumefikiri habari za mfalme Daudi na Absalomu mwanawe, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 13 hata wa 18. Absalomu alimwua Amnoni, ndugu yake kwa baba, kwa ajili ya ubaya aliomtendea Tamari, umbu lake. Akakimbilia Geshuri, akakaa huko miaka 3. Yoabu akafanya shauri la kumwombea, akarudishwa Yerusalemu, lakini mfalme aliagiza aende nyumbani kwake, wasionane uso. Akakaa miaka 2 katika mji mmoja na baba yake, wasionane! Someni hapo polepole. Geshuri palikuwa mbali. Yerusalemu udhuru ulikuwa nini?

Mwisho Absalomu alilitia moto shamba la shayiri la Yoabu, ili apate wa kumpeleka kwa mfalme. Daudi akambusu. Walakini hatusomi kwamba walinena habari za Tamari, wala za Amnoni, wala za miaka ile 5. Kwa maoni yetu, busu lile lilifunika kidonda kabla hakijaoshwa. Baadaye mwana aliasi, akauawa katika msitu wa Efraimu; naye mzee akapanda chumba kilicho juu ya lango, akilia, akitamani afe yeye mahali pake. Maneno yote ya upendo yalitoka siku ile, na mwenyewe hakuyasikia.

Basi enyi wazazi, msingoje mtoto apige magoti kwanza. Kama mmegombana kwa shamba au mahari, ketini, litajeni jambo lenyewe. Aliyekosa aombe radhi, aliyekosewa atoe radhi kwa kinywa, si kwa kutikisa kichwa tu. Mkichelea hasira, mwiteni mzee mmoja mwenye kiasi akae kati yenu. Nanyi walimu, mkimjua mtu asiyejua kuandika, ambaye ndugu yake yu mbali, mwandikieni barua yake, wala msitie maneno yenu. Na ikiwa mgonjwa yu kitandani, msingoje Jumapili. Nendeni leo, hata kama usiku umeingia.