Miguu ya Mpiga Kinanda

Kwaya nyingi za Mwanza, kuanzia zile za mjini hadi za parokia za Magu na Sengerema, zikipata fedha hununua kinanda kipya chenye sauti na midundo mingi kuliko cha zamani. Kwa maoni yangu fedha hizo zinapotea njia. Mpiga kinanda hukamilika kwa miguu yake na kwa uamuzi wake wa kuchagua sauti. Wingi wa sauti zilizohifadhiwa ndani ya mashine haumfikishi huko. Ushahidi wa jambo hili nauchukua kwa mtu ambaye kwa haraka haraka tungesema hatuhusu: Mmarekani Cameron Carpenter, mmoja wa wapiga vinanda vya mabomba waliozua ubishi mkubwa katika kizazi chetu.

Carpenter alizaliwa Pennsylvania mwaka 1981 na kusomea chuo cha Juilliard, New York. Alikutana na shida inayowakabili wote wa fani yake. Mpiga fidla husafiri na fidla yake, ilhali kinanda cha mabomba ni sehemu ya jengo. Bomba la noti ya chini kabisa katika safu ya kawaida ya besi lina urefu wa karibu mita 5, na kinanda kikubwa huwa na maelfu ya mabomba. Kila safu ina sauti yake, na hakuna vinanda viwili vinavyofanana. Msanii akifika ukumbini, saa za mazoezi zinaishia katika kukizoea chombo, na muziki wenyewe unabakiwa na muda kidogo. Mwaka 2008 Carpenter alitoa albamu iitwayo Revolutionary, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, akiwa ameipigia kwenye kinanda cha kidijitali cha kanisa la Trinity, New York. Kinanda hicho kilifungwa mwaka 2003 baada ya kile cha mabomba kuharibiwa na vumbi la majengo yaliyoanguka Septemba 11, 2001. Mwaka 2014 akazindua kinanda chake mwenyewe: ngazi tano za kibodi, spika badala ya mabomba, chote kikifunguliwa vipande na kupakiwa kwenye lori. Tangu hapo akawa na chombo kimoja cha kukijua kwa kina.

Lakini anachokifanya kwa miguu yake ndicho kinachotuhusu. Chini ya kibodi kuna pedali, vibao 30 au 32 vilivyopangwa kama noti za kinanda, vinavyopigwa kwa ncha ya kiatu na kisigino. Katika zoezi maarufu la Chopin lililoipa albamu ile jina, mkono wa kushoto wa mpiga piano hukimbia bila kupumzika. Carpenter aliushusha mkimbio huo miguuni. Wapo waliouita mchezo wa sarakasi. Mimi naona ni uthibitisho kwamba miguu inaweza kubeba muziki kamili, na hilo lina maana kubwa katika wimbo wa kawaida wa Jumapili. Chukua wimbo wa sauti nne kwenye kinanda chetu kisicho na pedali. Mkono wa kulia unashika soprano na alto, wa kushoto tenor na besi. Besi ikishuka mbali na tenor kupita oktavu moja, vidole havifiki. Mpigaji analazimika kuipandisha besi au kuiacha tenor, na kwa vyovyote msingi wa wimbo unakonda. Hapo ndipo anapobonyeza ritimu ya mashine ijaze pengo. Pedali zingeipeleka besi miguuni, na mkono wa kushoto ungeishika tenor kwa raha.

Wapo watakaosema kwamba kinanda bila mabomba ni bandia, na kwamba Carpenter amekipamba tu kitu cha bandia. Pingamizi hili lina uzito. Bomba husukuma hewa halisi ndani ya jengo halisi, na Trinity yenyewe baadaye iliamua kurudi kwenye mabomba. Kandokando ya ziwa letu, Kampala, kanisa kuu la Namirembe limetunza kinanda cha mabomba kwa vizazi, na hiyo ni hazina. Lakini mfikirie Albert Schweitzer. Mwaka 1906 aliandika kutetea vinanda vya kale dhidi ya vile vya kiwandani, na alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa muziki wa Bach. Alipokwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 kuwa daktari, alichukua piano yenye pedali, zawadi ya Chama cha Bach cha Paris, iliyokingwa kwa zinki dhidi ya unyevu. Haikuwa na bomba hata moja. Juu yake alilinda ufundi wake kwa miaka mingi, na likizoni Ulaya alipiga matamasha yaliyochangia hospitali yake. Mtetezi huyo wa mabomba alikubali kuyakosa. Pedali hakukubali kuziacha.

Pingamizi la pili ni kwamba haya yote ni ya kigeni, na Usukuma una ngoma zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikipa heshima kinanda cha mabomba na papo hapo ukafungua mlango kwa ala nyingine zinazofaa ibada. Bujora, pale Kisesa, Padre David Clement aliingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada ya Kikatoliki, na hakuna anayeiona ngoma hiyo kama mgeni kanisani. Kilicho kigeni zaidi ni ritimu ya mashine, iliyotungwa kiwandani na mtu asiyewahi kusikia ngoma za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Mguu unaweza kufuata mapigo ya ngoma, ukachelewa kidogo au kuwahi pale waimbaji wanapovuta pumzi. Mashine haiwasubiri.

Kuhusu gharama, pedali ni kazi ya mbao, springi, swichi na saketi ndogo ya kuzigeuza ishara zake kuwa za MIDI, lugha ya vinanda vya kielektroniki, ambayo seremala na fundi wa vifaa vya elektroniki wanaweza kuisoma pamoja. Huunganishwa kwa waya kwenye tundu la MIDI ambalo vinanda vingi vya miaka ya nyuma vinalo. Vyenye USB pekee vitahitaji kompyuta katikati. Kilicho ghali ni muda. Mwanafunzi aanze na besi ya wimbo mmoja anaoujua, kwa mguu tu, mikono ikiwa mapajani na ritimu ikiwa imezimwa. Ikisimama, aongeze tenor kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ambao huwa na haraka kuliko viungo vyote, uingie mwisho.