Ruvuma nyingine iko angani

Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, uwanda wa Makonde unakatika ghafla na bonde la mto Ruvuma linajitandaza chini hadi upande wa Msumbiji. Wageni hupelekwa hapo kupiga picha. Wachache sana, hata miongoni mwa wenyeji, wanajua kwamba jina la mto huo liko pia angani. Limepewa mwamba wenye upana wa kilomita zipatazo 37, karibu sawa na kutoka Masasi mjini hadi Ndanda, ambao huchukua takriban miaka minne na nusu kulizunguka jua mara moja. Kwenye orodha za wanaastronomia unaitwa 1427 Ruvuma, na aliyeugundua, tarehe 16 Mei 1937, ni Cyril Jackson.

Jackson alizaliwa Ossett, Yorkshire, Uingereza, mwaka 1903. Alikuwa bado mtoto familia ilipohamia Afrika Kusini, akasoma huko hadi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na mwaka 1928 akaanza kazi Union Observatory, kituo cha serikali cha kuchunguza nyota mjini Johannesburg. Kituo hicho kilikuwa na jina tayari. Mwaka 1915 Robert Innes alikuwa amegundua hapo Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu.

Kazi aliyopewa kijana huyu, kuwinda asteroidi, ilihitaji macho makali na subira. Asteroidi ni mabaki ya mawe na miamba ya tangu sayari zilipoumbika, na nyingi huzunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Hata kwa darubini, asteroidi huonekana nukta tu, huwezi kuitofautisha na nyota hafifu. Kinachoiumbua ni mwendo. Nyota zimekaa palepale zikilinganishwa zenyewe kwa zenyewe, lakini asteroidi husogea. Kwa hiyo eneo moja la anga lilipigwa picha kwenye bamba la kioo, kisha likapigwa tena baadaye. Mabamba mawili yakawekwa kwenye mashine inayoyaonyesha kwa zamu, hili, lile, hili, lile, haraka haraka. Nukta inayorukaruka ndiyo windo. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza, maana lazima ifuatwe usiku mwingine na mwingine, njia yake ipigiwe hesabu, la sivyo inapotea na hakuna namba itakayopewa.

Tazama tarehe zake. Asteroidi inayoitwa Tanga aliipata pamoja na mkuu wake, Harry Edwin Wood, Juni 1930. Kenya na Uganda ni za Juni 1933, Mombasa ni ya Julai 1937. Kwa nini miezi hiyo? Johannesburg huwa kavu wakati huo, mawingu hakuna, usiku ni mrefu, na ile njia ya angani zinakopita sayari na asteroidi huwa juu kabisa utosini. Ulaya miezi hiyo usiku ni mfupi na njia hiyo imeinama karibu na upeo wa macho. Mtu wa kusini alikuwa na uwanja wake peke yake. Kwetu Masasi ni majira ya kupulizia mikorosho salfa, na anga yetu nayo huwa safi.

Kwa jumla alihesabiwa asteroidi 72. Jina lake liko pia kwenye nyota mkia kadhaa, mojawapo aliyoipata mwaka 1948 sambamba na Mmarekani Joseph Ashbrook.

Mgunduzi ndiye hupendekeza jina, na hapa ndipo Jackson ananivutia zaidi. Wenzake wa Ulaya walijaza anga miungu ya Kiyunani, wake zao na wafadhili wao. Yeye alijaza Afrika: Limpopo, Zomba, Beira, Chaka, Khama. Ni kweli, mwaka 1937 Ruvuma ilikuwa mpaka wa Waingereza na Wareno, na hakuna Mmakonde wala Myao aliyeulizwa. Hata hivyo orodha yake ina Afrika kuliko vitabu vingi vya sayansi vya enzi hiyo.

Baadaye aliongoza kituo cha Yale-Columbia, akakihamisha mwaka 1952 kutoka Johannesburg hadi Mount Stromlo, Australia, kisha kazi ikahamia Argentina. Alistaafu mwaka 1966 na kufariki mwaka 1988. Darubini iliyobaki Mount Stromlo iliteketea kwa moto wa msituni mwaka 2003. Asteroidi 2193 inaitwa Jackson.

Msomaji atauliza kama hiyo Ruvuma ya juu inaweza kutuangukia kama kimondo cha Mbozi. Haiwezi. Inapolikaribia jua zaidi bado iko mbali nalo zaidi ya mara mbili ya umbali wa dunia. Vinavyodondoka ni vipande vidogo, kama jiwe lililoanguka Peramiho mwaka 1899, la aina ambayo wanasayansi wanaamini ilitoka kwenye asteroidi kubwa ya Vesta.

Leo uwindaji hufanywa na darubini zinazojiendesha zenyewe, na asteroidi zinazojulikana zimepita milioni moja. Lakini mlango haujafungwa kwa mtu wa kawaida. Mpango wa kimataifa uitwao IASC huwapa wanafunzi picha za darubini bila malipo, nao huzipekua kwa programu ya kompyuta wakitafuta nukta inayosogea, kazi ileile ya Jackson. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti na mwalimu mwenye ari. Walimu wa fizikia na jiografia wa Masasi, Newala na Ndanda, andikisheni timu za shule zenu.