Idi ikifika, arudi kwao na vazi gani?

Siku chache kabla ya Ramadhani kumalizika, kisiwa cha Java nchini Indonesia huwa kama chungu kinachochemka. Watu hufunga virago, wakajazana katika magari ya moshi, mabasi, meli na pikipiki, baba mbele, mama nyuma na watoto katikati, wakielekea makwao mashambani. Safari hii huitwa mudik. Mwaka 2023 serikali ya huko ilikadiria kwamba wasafiri wangepita milioni 120, yaani zaidi ya mara mbili ya watu wote wa Kenya.

Hawaendi kula tu, ingawa chakula kipo tele: kuna ketupat, yaani wali uliopikwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa makuti machanga ya mnazi, na kuku wa tui. Msomaji wa Lamu au wa Vanga hataona ugeni hapo. Kiini cha safari ni radhi. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, mtoto, hata kama ana mvi kichwani, hupiga magoti mbele ya wazazi wake, akawainamia na kuomba asamehewe makosa ya mwaka mzima, ya dhahiri na ya moyoni. Wajava huiita ada hii sungkem. Asiyekwenda huulizwa ana nini.

Sasa, mpenzi msomaji, mfikirie mtu aliyezaliwa mwanamume, akatahiriwa na kulelewa kama mwanamume, lakini tangu utotoni nafsi yake ikimwambia kuwa yeye ni mwanamke. Huko huitwa waria, neno lililoungwa kutokana na wanita, mwanamke, na pria, mwanamume. Mjini huishi kwa jina la kike na kwa nguo za kike. Je, atakapopiga magoti mbele ya mama yake, atakuwa nani?

Wako wanaokata nywele, wakafuta wanja na kuvaa shati, wakarudi kwao siku tatu kama mtoto wa kiume aliyepotea mjini. Wako wanaokwenda jinsi walivyo, wakapokewa, au wakapokewa nusu: mama afungua mlango, mjomba ageuza uso. Na wako wasiokwenda kabisa. Hao hutuma fedha. Fedha, kwa kweli, zimefungua milango mingi ambayo machozi hayakuifungua. Waria anayemlipia nduguye karo ya shule au kuezeka nyumba ya wazazi huanza kuitwa mwana tena. Mimi naona huo ni ukubali wa bei ghali, maana siku mfuko ukikauka haijulikani utabaki wapi.

SAFU GANI?

Lakini kabla ya kukubaliwa na jamaa, liko la mtu kujikubali mwenyewe, na kwa Mwislamu jambo hilo hufika mpaka msikitini. Anaposimama kuswali, asimame safu gani? Akienda kwa wanaume, watu wanaguna. Akienda kwa wanawake, wanawake wanaondoka. Wengi waliona afadhali kuacha kuswali.

Mmoja ambaye hakutaka kuacha alikuwa Maryani, waria wa mji wa Yogyakarta. Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji huo na viunga vyake, likaua watu zaidi ya 5,000. Baada ya msiba huo waria walikusanyika kuwaombea wenzao waliokufa, na kutokana na dua zile, mwaka 2008, Maryani alifungua nyumba yake iwe chuo cha Kurani. Jina lake ni Al-Fatah. Alipofariki mwaka 2014, mwenzake Shinta Ratri alikihamishia chuo nyumbani kwake Kotagede, mtaa wa kale wa mafundi wa fedha.

Utaratibu wa chuo ulikuwa mwepisi. Mashekhe kadhaa walikuja kufundisha kusoma Kurani, udhu na swala. Ramadhani ilikuwa futari na tarawehe. Na lile swali la vazi halikutolewa amri: anayetulia moyo katika saruni aliswali kwa saruni kama wanaume, anayetulia katika mukena, lile vazi jeupe la swala la wanawake wa Kiindonesia, aliswali kwa mukena. Wote walikuwa chumba kimoja, kila mmoja akijua nia yake na Mola wake. Shinta Ratri alishikilia kwamba kuswali ni haki ya kila mja, na kwamba Mwenyezi Mungu hutazama ucha Mungu wa mtu.

Huenda msomaji akauliza, fikihi yasemaje? Wajava wengi ni Mashafi, kama sisi wa pwani. Vitabu vyetu vina mlango wa huntha, mtu ambaye maumbile ya mwili wake hayakubainika. Yeye huwekwa nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Waria kwa kawaida si huntha, maana mwili wake umebainika, na kilichotofautiana ni nafsi. Hata hivyo Imamu Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi ya Muslim karne ya 13, aliwagawa wanaume wenye tabia za kike mafungu mawili. Aliyeumbwa hivyo bila kujitakia hana lawama wala dhambi. Anayejitia makusudi ndiye aliyelaaniwa katika hadithi. Wenye kuwatetea waria hulishika fungu la kwanza. Wenye kuwapinga husema kuwa tabia ni jambo moja na kuvaa nguo za kike ni jingine, na Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa mwaka 1997 kwamba waria ni mwanamume. Ubishi huo haujaisha, na si wa ukurasa huu kuumaliza. Lakini sijaona kitabu kinachosema kuwa mtu wa namna hiyo amesamehewa swala tano, na kama hakusamehewa, basi lazima apate mahali pa kuiswali.

KUFULI LA MWAKA 2016

Mwezi Februari 2016 kundi moja la vijana wa itikadi kali lilikuja juu kukipinga chuo, na wakuu wa mtaa wakaamua kifungwe. Wanafunzi walitawanyika. Baada ya miezi kadhaa walianza kurudi kimyakimya. Shinta Ratri alifariki Februari 2023, na wenzake wakalazimika kutafuta nyumba nyingine. Masomo yakaendelea huko.

Wajava wana desturi ya kuzuru makaburi mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, wakafyeka nyasi na kuwasomea wafu wao. Wanafunzi wa Al-Fatah nao huenda. Huzuru kaburi la Maryani, kisha makaburi ya waria wengine, pamoja na wale ambao jamaa zao hawaji. Huketi chini, wakawasomea dua, mmoja kwa saruni na mwingine kwa mtandio.