Kidole, Kipanya na Meza ya Kompyuta

Tarehe 26 Oktoba 2012 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Windows 8, na watu walioifungua kwa mara ya kwanza walistaajabu kuona kwamba kitufe cha Start, ambacho tangu mwaka 1995 kilikaa katika pembe ya chini ya kioo, upande wa kushoto, kimeondolewa. Na mahali pa ile meza waliyoizoea, yenye majalada na madirisha yake, wakapokewa na safu za vigae vya rangi vilivyokusudiwa kuguswa kwa kidole. Meza yenyewe haikufutwa, ila ilishushwa daraja, ikawa kigae kimoja miongoni mwa vigae vingi. Tangu hapo watu wamekuwa wakiulizana kama kidole kitairithi kompyuta yote, au kama meza ina haki yake ambayo kidole hakiwezi kuitwaa.

Ili kulijibu swali hilo kwa insafu, yafaa tujue kwanza meza hiyo ilitoka wapi na iliwekwa kwa haja gani. Zamani mtu aliyetaka kompyuta imfanyie kazi alilazimika kuhifadhi amri nyingi na kuziandika herufi kwa herufi, na aliyekosea herufi moja hakupata alichokitaka. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wenzake jinsi kishale kiendacho juu ya kioo kinavyoweza kuongozwa kwa kipanya. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox, katika maabara yao ya Palo Alto, wakaunda kompyuta iitwayo Alto. Na mwaka 1981 kampuni hiyo ikauza nyingine, Star, ambayo kioo chake kilipambwa kwa sura ya meza ya ofisi, ikiwa na karatasi, majalada, na vikapu vya barua ziingiazo na zitokazo. Macintosh ya mwaka 1984, na baada yake Windows, zikaeneza sura hiyo ulimwenguni.

Aghalabu husemwa kuwa sifa ya uvumbuzi ule ilikuwa zile picha, kwa kuwa zilimfariji mtumishi wa ofisi aliyeiogopa mashine. Picha zilisaidia, lakini faida kubwa zaidi ilikuwa katika madirisha: mambo mawili au matatu yaliweza kukaa mbele ya macho kwa wakati mmoja, barua upande huu na hesabu upande ule, na aya iliyoandikwa huku ikanakiliwa na kubandikwa kule bila ya kuandikwa tena.

Kidole nacho kina fadhila zake, wala si busara kuzidharau. Mwaka 2007 Apple ilileta iPhone, mwaka uliofuata ikafungua duka la programu zake, na mwaka 2010 ikatoa iPad. Na kwa njia ya vyombo vya namna hiyo, vya kampuni hii na nyingine nyingi, watu ambao aushi yao hawakupata kukaa mbele ya kibodi walianza kutuma fedha, picha na salamu bila ya kwenda darasani. Sababu ya wepesi huo ni kwamba programu moja hukijaza kioo kizima, humtaka mtumiaji jambo moja kwa wakati mmoja, na kitu anachokitaka ndicho anachokigusa. Mfano ulio dhahiri ni sensa. Kenya mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, ziliwatuma makarani nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi. Na kwa kazi kama ile, ya kusimama barazani kwa watu, kuuliza swali, kugusa jibu na kuendelea na swali la pili, ni nani angetamani kubeba kompyuta ya mezani?

Lakini sensa haiishii barazani. Majibu yakishakusanywa, humfikia mtakwimu, ambaye kazi yake ni ya jinsi nyingine kabisa: anahitaji jedwali la mkoa mmoja kando ya jedwali la mkoa mwingine, hesabu za zamani kando ya hesabu mpya, na ripoti anayoiandika pembeni mwa yote hayo, jicho lake huenda na kurudi, na katika kule kwenda na kurudi ndimo anamogundua kuwa tarakimu fulani imezidi kiasi au imepungua. Mlazimishe afunge jedwali la kwanza ndipo afungue la pili, naye atakuwa anabeba kichwani mzigo ambao kioo kingepaswa kumbebea. Hali ya mhasibu, mhariri, mhandisi na mwanasheria ni hiyo hiyo.

Tena kuna mipaka ya mwili. Ncha ya kidole ni pana, nayo hukifunika kile kile inachokielekea, kwa hiyo vitufe havina budi kuwa vikubwa na kuachana nafasi, na kioo kilichoweza kuonyesha mambo mengi huonyesha machache; kishale cha kipanya hakina upungufu huo, maana hukita katikati ya herufi mbili bila ya taabu. Mkono nao huchoka. Steve Jobs wa Apple, ambaye hakuna awezaye kumshuku kuwa adui wa kidole, alisema mwaka 2010 kwamba kioo cha kugusa hakifai kusimama wima, kwa kuwa baada ya muda mkono ulionyooshwa mbele hutaka kuanguka.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja hizo. Haukutimia mwaka mmoja tangu kutoka kwa Windows 8 ila Microsoft ilikirudisha kitufe kile, ikawapa watu hiari ya kuingia moja kwa moja mezani. Na Windows 10, mwaka 2015, ikarejesha pia orodha yake ya zamani. Lakini ushahidi mzito zaidi ulitoka upande wa kidole wenyewe. iPhone, ambayo kwa miaka kumi haikumpa mwenyewe mahali pa kuyaona mafaili yake, ilimpa mahali hapo mwaka 2017. iPad ikapata kishale na kipanya mwaka 2020, ikaanza kuweka madirisha yanayopandana mwaka 2022, na mwaka 2025 ikaongezewa madirisha huru ya kuvutwa na kupanuliwa, pamoja na orodha ya amri juu ya kioo. Chombo kilichoianza safari kwa kuikimbia meza kiliirudia hatua kwa hatua, kwa kuwa wenye kazi nzito waliikosa.

Hata hivyo meza haitaurudia ufalme wake wa kale. Kwa hesabu ya StatCounter, mwezi wa Oktoba 2016 matumizi ya intaneti kwa simu na vishikwambi yaliyapita ya kompyuta ulimwenguni kwa mara ya kwanza. Kusoma, kutazama, kulipa na kuzungumza kumehamia kidoleni, wala hakuna sababu ya kusikitika, kwa kuwa meza haikupata kuwa mahali pazuri pa mambo hayo. Kilichobaki mezani ni kutunga, kulinganisha na kuhariri, na kazi hizo hazipungui kwa sababu simu zimeongezeka.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi wameijua simu kabla ya kompyuta na wengine hawataijua kompyuta kamwe, hofu ya kwamba meza itatoweka si ya kutusumbua sana. La kutusumbua ni kwamba itabaki kuwa mali ya wachache. Baada ya sensa, vishikwambi vya Tanzania viligawiwa walimu, na ugawaji huo ulikuwa wa maana. Lakini mwanafunzi anayejua kugusa jibu tu amejifunza kazi ya karani, akaachwa nje ya kazi ya mtakwimu. Shule inayopokea vyombo vya kugusa na itafute pia kibodi na kioo kipana, imfundishe mtoto kuyapanga mafaili yake mwenyewe, kufungua majedwali mawili ubavu kwa ubavu, na kuandika kwa maneno yake tofauti aliyoiona baina yao.